Ndege wa Porini ni wa Nani? Habari za Leseni na Vipimo vya Kuwinda Ndege Katika Marekani

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, na kila mtu ana daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: LESENI, MSIMU, KIPIMO. Tutayatumia mpaka mwisho wa somo.

Leseni ni karatasi ya ruhusa ambayo mtu huilipia kabla ya kuwinda. Msimu ni siku za mwaka ambazo kuwinda kumeruhusiwa. Kipimo ni hesabu ya ndege ambao mtu mmoja anaweza kuwaua kwa siku moja, wala asizidishe. Sisi twawajua kanga na kwale, na twajua kwamba nyama yao ni tamu. Leo lakini tutakwenda mbali, mpaka nchi ya Marekani, tuone jinsi watu wa huko walivyojifunza maneno haya matatu. Walijifunza kwa hasara kubwa. Sikilizeni.

Zamani Marekani ilikuwa na njiwa wa porini waliosafiri kwa makundi makubwa kupita kiasi. Wataalamu hukisia kwamba walikuwa milioni 3,000, na labda hata milioni 5,000. Kundi lilipopita, jua lilifichwa kama kwa wingu. Watu waliona wingi huo wakasema, ndege hawa hawawezi kwisha. Katika mwaka 1857, katika jimbo la Ohio, wajumbe wa baraza la sheria waliulizwa kama njiwa hao wawekewe ulinzi. Wakajibu kwamba njiwa hawana haja ya ulinzi, maana wanazaliana mno.

Wajumbe hao waliangalia idadi, wakasahau mambo mawili. La kwanza, njiwa yule alitaga yai moja tu kwa mara moja. La pili, njia za kuwinda zilikuwa zimebadilika. Telegrafu ilipeleka habari upesi kwamba njiwa wamejenga viota mahali fulani. Wawindaji wa biashara wakapanda gari moshi wakaenda huko. Waliwapiga kwa bunduki za marisau, wakawanasa kwa nyavu, wakachukua hata makinda kutoka viotani. Kisha nyama ilitiwa katika mapipa na kusafirishwa kwa reli mpaka miji mikubwa. Mwaka 1878, karibu na mji wa Petoskey katika jimbo la Michigan, njiwa waliokuwa wakilea makinda waliuawa kwa wingi wa ajabu. Ndege anayeuawa akiwa juu ya kiota huacha hasara mbili, ya leo na ya kesho.

Njiwa wa mwisho kabisa alikuwa jike. Jina lake lilikuwa Martha, akaishi kizimbani katika bustani ya wanyama ya mji wa Cincinnati, katika jimbo lilelile la Ohio. Alikufa tarehe 1 Septemba 1914. Kutoka siku ile wajumbe walipojibu mpaka siku ile Martha alipokufa ni miaka 57. Basi mtoto aliyezaliwa wakati wa majibu yale angeweza kuushuhudia mwisho.

Sasa tufikiri pamoja. Je, hapakuwa na sheria hata moja? Zilikuwako. Mwaka huohuo wa 1878 jimbo la Iowa liliweka kipimo: mtu asiue zaidi ya ndege 25 kwa siku, katika aina fulani za ndege wa nyikani wanaofanana na kwale. Majimbo mengine nayo yakatunga sheria zao. Lakini jimbo moja likikataza, mwindaji alivuka mpaka, akauza nyama katika jimbo la pili. Hapo hakuna wa kumkamata. Ilikuwa kama kujaza maji katika ndoo iliyotoboka.

Tundu la kwanza liliziba mwaka 1900. Mjumbe mmoja wa Bunge la Marekani, John F. Lacey wa Iowa, alileta sheria ambayo mpaka leo huitwa kwa jina lake. Sheria hiyo ilisema, mnyama au ndege aliyeuawa kinyume cha sheria ya jimbo moja, ni kosa kumsafirisha kwenda jimbo jingine. Mwindaji wa biashara akakosa njia rahisi ya kufikisha mzigo wake sokoni.

Lakini tundu la pili lilibaki, nalo lilikuwa kubwa zaidi. Ndege wengi ni wasafiri. Bata mwitu huzaa Kanada na kaskazini ya Marekani. Baridi ikija, huruka kwenda kusini, wakipita majimbo mengi. Jimbo la kaskazini likiwalinda, na jimbo la kusini likiwamaliza, faida iko wapi? Mwaka 1913 Bunge la Marekani lilitunga sheria moja ya nchi nzima juu ya ndege wasafiri. Baadhi ya mahakimu wakaikataa. Walisema, ndege wa porini wako chini ya jimbo, na serikali kuu haikupewa mamlaka hayo.

Serikali kuu ikatafuta njia nyingine. Tarehe 16 Agosti 1916, Marekani ilitia sahihi mkataba na Uingereza, ambayo siku zile ilisema kwa niaba ya Kanada. Nchi hizo mbili zilipatana kuwalinda ndege wanaovuka mpaka wao. Kuanzia tarehe 10 Machi mpaka tarehe 1 Septemba, ndege hao wasiwindwe, kwa sababu huo ndio wakati wa kurudi kaskazini, kutaga na kulea. Na msimu wa kuwinda usizidi miezi mitatu na nusu. Mwaka 1918 Bunge likatunga sheria ya kuutimiza mkataba. Kipimo cha kwanza kikawekwa: bata 25 kwa siku.

Jimbo la Missouri likakasirika. Likasema, ndege walio juu ya ardhi yetu ni wetu. Bwana nyama wa serikali kuu huko aliitwa Ray Holland. Mwaka 1919 alimkamata Mwanasheria Mkuu wa Missouri mwenyewe, pamoja na wenzake, kwa kosa la kuwinda bata nje ya msimu. Jimbo likaenda mahakamani ili Holland azuiwe. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ikahukumiwa mwaka 1920.

Hakimu Oliver Wendell Holmes ndiye aliyeandika hukumu. Shauri lake laweza kuelezwa kwa maneno machache. Mtu humiliki kitu alichokishika, lakini ndege wa porini hakushikwa na mtu. Jana alikuwa hajafika, kesho yuko jimbo jingine. Jimbo litadaije kuwa ni mali yake peke yake? Na kama nchi mbili zisingepatana, baada ya muda pasingebaki ndege wa kugombewa. Missouri ikashindwa.

Je, baada ya hapo bata wakaongezeka? La, hapana. Katika miaka ya 1930 ukame mkali uliingia katika nyanda za katikati. Mabwawa yalikauka, na mabwawa mengine wakulima walikuwa wamekwisha kuyakausha ili walime. Bata hana pa kutaga pasipo maji. Hapo serikali ilikaza kamba. Mwaka 1935 msimu ulipunguzwa ukawa siku 30 tu, na kipimo kikashuka mpaka bata 10 kwa siku. Kumwaga nafaka ili kuwavuta bata kulikatazwa. Kuwafunga bata hai majini ili wawaite wenzao nako kulikatazwa. Bunduki ya kuwindia bata nayo isichukue risasi zaidi ya 3.

Lakini sheria ya kukataza haichimbi bwawa. Ilitakiwa fedha. Kwa hiyo mwaka 1934 ilitungwa sheria kwamba kila mwindaji wa bata mwenye umri wa miaka 16 au zaidi anunue stempu ya pekee, mbali na leseni ya jimbo lake. Stempu ya kwanza iliuzwa kwa dola 1. Picha yake, bata wawili wakitua majini, ilichorwa na Jay Darling, mchoraji wa magazeti aliyewekwa kuwa mkuu wa idara ya wanyama. Fedha za stempu zikatumika kununua mabwawa na kuyahifadhi. Mwaka 2015 bei ilipandishwa ikawa dola 25. Kwa jumla, zaidi ya ekari milioni 6 zimehifadhiwa kwa mpango huu.

Mwaka 1937 ikaja sheria nyingine. Ushuru wa bunduki na risasi ukaelekezwa kwenye kazi ya kutunza wanyama na ndege, na majimbo yakagawiwa. Sharti lilikuwa hili: jimbo litakalotumia fedha za leseni za kuwinda kwa kazi nyingine, halipati kitu. Angalieni busara hiyo. Mwindaji akiuliza, fedha yangu imekwenda wapi, lazima apate jibu.

Missouri, jimbo lile lililoshindwa, likawa mwanafunzi mzuri. Bata mzinga wa porini walikuwa karibu kwisha huko. Kwanza walijaribu kufungulia bata mzinga waliokuzwa vizimbani, lakini hao hawakujua kuishi porini. Kuanzia mwaka 1954 wakanasa wachache wa porini kabisa, wakawapeleka katika misitu mingine. Kuwinda kulikuwa kumefungwa kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1960 msimu ulifunguliwa kwa siku 3 tu, wakauawa 94. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2004 waliuawa zaidi ya 60,000. Baadaye idadi ya ndege hao ikashuka tena, na jambo hilo latufundisha kwamba kuhesabu hakuna mwisho. Kwa bata, tangu mwaka 1955 marubani huruka juu ya mabwawa ya Marekani na Kanada wakiwahesabu, na kipimo cha mwaka hutokana na hesabu hiyo.

Sasa, ndugu zangu, msidhani kwamba sheria hiyo ilikuwa ya haki kwa kila mtu. Kaskazini kabisa mwa Alaska kuna mji uliokuwa ukiitwa Barrow, ambao sasa jina lake ni Utqiagvik. Wenyeji wake ni Wainupiat. Huko bata hufika baridi inapoisha, wakati ambapo akiba ya nyama imepungua nyumbani. Kufika Septemba, wengi wamekwisha kuondoka. Basi mkataba wa 1916 ulimwambia Mwinupiat hivi: uwinde wakati bata hawapo. Walioandika tarehe zile waliishi kusini, na hawakumwuliza.

Kwa miaka mingi sheria haikutiliwa nguvu huko. Mwaka 1961 mabwana nyama walifika wakawakamata wawindaji. Ndipo watu 138 wa mji ule walipokuja mbele ya bwana nyama, kila mmoja amechukua bata mkononi, wakasema, nasi pia tukamate. Mashtaka yalifutwa, lakini sheria haikubadilika upesi. Mwaka 1995 Marekani na Kanada zilipatana kuurekebisha mkataba, na mwaka 2003 ndipo wenyeji wa vijijini Alaska walipoanza kuwinda kwa halali majira yale. Kanuni zao hutayarishwa katika baraza ambalo wenyeji wenyewe wana viti ndani yake.

Basi tufunge daftari kwa mambo matatu. Kwanza, kipimo huwekwa wakati ndege wangali wengi, maana wakiwa wachache huenda saa imekwisha kupita. Pili, kipimo hufaa kikishikwa na wote walio katika njia ya ndege, kwa kuwa ndege hajui mpaka. Tatu, anayewekewa kipimo aulizwe kwanza, hasa yule ambaye ndege ni chakula chake. Leseni haimfanyi mtu kuwa mwenye ndege wote. Humpa fungu lake tu, na mafungu mengine ni ya jirani, na ya watoto ambao hawajazaliwa.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini wajumbe wa Ohio walikosea mwaka 1857?
2. Sheria ya mwaka 1900 iliziba tundu gani?
3. Kwa nini watu 138 wa Barrow walitaka wakamatwe?
4. Katika kijiji chenu, ni kitu gani cha wote, kama samaki, kuni au maji, kinachohitaji kipimo? Nani akiweke, na nani aulizwe kwanza?

Zungumzeni kwa utaratibu, na kila mmoja apewe nafasi ya kusema. Kwaherini, mpaka somo lijalo.