Albamu ya Kwanza ya Queen: Kazi ya Mabaki ya Saa za Studio

Tarehe 13 Julai 1973 kampuni ya EMI ilitoa nchini Uingereza albamu ya kwanza ya bendi ya Queen, iliyopewa jina la bendi yenyewe, na tukio hilo lina nafasi yake katika historia ya muziki wa Afrika Mashariki kwa kuwa mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja. Albamu hiyo haikupata umaarufu wa zile zilizoifuata, na wakosoaji wengi wameiona kama zoezi la vijana waliotaka kufanya mambo mengi kwa wakati mmoja. Hata hivyo, historia ya utengenezaji wake inaonyesha kwamba wingi huo uliokusudiwa ndio uliozaa sauti ambayo dunia ingeitambua baadaye.

Kipimo cha makusudio hayo ni umbo lenyewe la kazi. Katika miaka ya 1960 biashara ya muziki nchini Kenya ilitegemea zaidi santuri ndogo, yaani sahani yenye wimbo mmoja kila upande, ambao kwa kawaida ulikuwa wa dakika chache tu. Santuri za namna hiyo ndizo zilizomtangaza mwanamuziki Fadhili William, mwana wa Taita, pamoja na wimbo wa Malaika ambao utunzi wake unabishaniwa hadi leo. Albamu, kwa upande wake, ni santuri kubwa inayobeba takriban dakika 20 kila upande, na kufikia mwisho wa muongo huo wanamuziki wa Uingereza, wakiongozwa na mfano wa Beatles, walikuwa wameanza kuitunga kama kazi moja yenye mpangilio, badala ya kuifanya kapu la nyimbo zilizokwisha kutoka. Kutokana na wazo hilo ulichipuka mtindo wa roki ya progresivu, uliokuzwa na bendi kama King Crimson, Yes na Genesis, ambamo wimbo huwa mrefu, hugawanyika katika sehemu kadhaa, hubadili mapigo katikati na mara nyingi husimulia visa vya nchi za kufikirika.

Mercury, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Farrokh Bulsara, alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Waparsi, yaani wafuasi wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Uajemi waliohamia Zanzibar kutoka India, na baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu chini ya serikali ya Kiingereza. Akiwa mtoto alipelekwa shule ya bweni ya Mtakatifu Petro huko Panchgani, India, ambako alijifunza piano na kupiga katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics, kisha akarejea Unguja mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 familia yake ilihamia Feltham, pembezoni mwa London, naye akasomea sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing. Mafunzo hayo hayakupotea, kwani ndiye aliyechora nembo ya bendi kwa kutumia alama za nyota za wanachama wake: simba wawili, kaa mmoja na mabinti wawili wa kichimbakazi.

Bendi yenyewe ilitokana na kundi la Smile, lililoundwa mwaka 1968 na mpiga gitaa Brian May, mwanafunzi wa fizikia katika chuo cha Imperial, pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor na mwimbaji Tim Staffell. Staffell alipoondoka mwaka 1970 Mercury alichukua nafasi yake na kupendekeza jina la Queen, na mwaka uliofuata akaingia John Deacon, mpiga besi aliyekuwa akisomea elektroniki. Gitaa la May lilikuwa na historia yake, kwa maana yeye na baba yake, Harold, walianza kulitengeneza nyumbani mwaka 1963: shingo ilichongwa kutoka mbao za meko kuukuu, matundu ya wadudu yakazibwa kwa njiti za kiberiti, springi zikatoka kwenye pikipiki, na mkono wa kutetemesha sauti ukafungwa ncha ya sindano ya kufumia.

Mwaka 1972 bendi iliingia mkataba na kampuni iliyomiliki studio za Trident, mtaani Soho, London, ambazo zilitumiwa na wateja wakubwa kama David Bowie na Elton John. Kwa kuwa Queen hawakuwa na fedha za kukodi studio, waliruhusiwa kurekodi katika saa ambazo mteja wa kulipa hayupo, jambo lililomaanisha kusubiri hadi usiku wa manane na kuondoka alfajiri. Wakiwa na watayarishaji Roy Thomas Baker na John Anthony, walitumia mkanda wenye njia 16, yaani uwezo wa kuhifadhi sauti 16 mbalimbali kando kando kabla ya kuzichanganya, na wakazijaza njia hizo kwa kurudia kuimba na kupiga juu ya sauti zilizokwisha kurekodiwa. Sauti chache zikageuka kwaya, na gitaa moja likasikika kama kundi la ala, kiasi kwamba jaladani waliona lazima kueleza kuwa hakuna aliyetumia sintesaiza, kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti za ala nyingine.

Matokeo yake ni nyimbo kumi zenye urefu wa jumla usiofika dakika 40, ambazo zinavuta pande mbili. Keep Yourself Alive ni roki ya moja kwa moja yenye kiitikio cha kushika haraka. Doing All Right, iliyotoka enzi za Smile, huanza kwa upole wa pop ya Kiingereza kisha hulipuka. Ilhali Liar, yenye zaidi ya dakika sita, na Great King Rat hubadili mwendo mara kadhaa kwa desturi ya progresivu. Katika My Fairy King Mercury alibuni nchi yake ya kufikirika, Rhye, na ni wimbo huo unaohusishwa na chimbuko la jina lake jipya la ukoo.

Tatizo lilikuwa muda. Kazi iliyokamilika kwa sehemu kubwa mwaka 1972 ilifika sokoni katikati ya 1973, wakati ladha ya Uingereza ilikuwa imeelekea kwingine, na hivyo baadhi ya waandishi waliiona kama mwigo wa Led Zeppelin. Keep Yourself Alive haikuingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi, na albamu yenyewe ilifikia nafasi ya 24 nchini Uingereza mwaka 1974 tu, baada ya albamu ya pili kuwavutia wasikilizaji. Marekani iliishia nafasi ya 83.

Hata hivyo, mbegu zake ziliota. Seven Seas of Rhye, iliyofunga albamu kama kipande kifupi cha ala kisichokamilika, iliandikwa upya na kuwa kibao cha kwanza cha bendi mwaka 1974, na mwaka 1975 mbinu ya kuunganisha sehemu zisizofanana, iliyojaribiwa katika Liar, ilikomaa katika Bohemian Rhapsody. Oktoba 2024 May na Taylor waliitoa tena albamu hiyo kwa jina la Queen I, wakiwa wamechanganya upya sauti zake, hasa ngoma ambazo hazikuwahi kuwaridhisha, na kuurejesha wimbo Mad the Swine ulioachwa mwanzoni. Walichokirekebisha baada ya nusu karne ni mlio wa studio. Utunzi wenyewe, pamoja na ukubwa wa makusudio yake, haukuhitaji kuguswa.