Lanchi ya Tajiri, Mkono wa Fundi

Katika mji mdogo wa Bristol, jimbo la Rhode Island huko Marekani, aliishi mjenzi wa boti aliyekuwa kipofu. Jina lake John Brown Herreshoff. Alipofuka akiwa bado kijana wa miaka 15 hivi, na hilo halikumzuia. Mwaka 1878 yeye na mdogo wake, Nathanael, walianzisha kampuni ya kujenga boti. John alishika biashara, Nathanael akashika uhandisi. Nathanael alipopata wazo la boti mpya hakukimbilia karatasi. Alichukua kipande cha mbao akachonga nusu ya boti, ubavu mmoja tu, toka omo hadi tezi. Kisha alimpa kaka yake, naye akaipitisha vidoleni taratibu. Macho hayakuwepo, lakini kama kuna mahali pamevimba au pamebonyea, vidole vilijua.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka mzee mmoja wa Nungwi, Unguja, aliyenikaribisha chini ya kibanda cha makuti alipokuwa akijenga mashua. Baada ya shikamoo na marahaba nilimuuliza, kwa ushamba wa mtu wa mjini, ramani ya chombo iko wapi. Alicheka. "Mwanangu, ramani ningeiweka wapi na mikono yote ina kazi?"

Basi leo nataka tuzungumze kuhusu lanchi. Si meli, wala jahazi. Ni ile boti ndogo ya mbao yenye injini, iliyobuniwa kuihudumia yoti, yaani chombo cha anasa cha tajiri. Utauliza, inatuhusu nini? Subiri kidogo. Mwisho wa hadithi hii tutakuwa Ziwa Tanganyika.

Fikiria kwanza kazi yenyewe. Yoti kubwa haiwezi kusogea hadi ufukweni. Inatia nanga mbali kidogo. Mwenye yoti anataka kwenda mjini kula chakula cha jioni, mkewe kavaa gauni jeupe, wageni wanasubiri gatini. Zamani mabaharia wangewapiga makasia. Lakini kufikia miaka ya 1870 tajiri mwenye yoti ya mvuke aliona aibu kufika gatini kwa makasia, kwa hiyo akataka boti ndogo nayo iwe na mtambo.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Boti hiyo ilining'inizwa ubavuni mwa yoti kwenye vyuma viwili vilivyopinda, ikipandishwa na kuteremshwa kwa kamba, kwa hiyo ilibidi iwe nyepesi. Mtambo wa mvuke si mwepesi: kuna boila, maji, makaa ya mawe, na mtu wa kuchochea moto. Tena boila lilikaa katikati ya boti, pale pale ambapo abiria angependa kukaa. Masizi yaliruka juu ya lile gauni jeupe. Na kabla ya kuondoka, ungoje moto uwake na maji yachemke. Tajiri kasimama na saa mkononi, boti bado inapika maji!

Kulikuwa na jambo zito kuliko masizi. Boila la mvuke likipasuka, linaua. Mwaka 1888 Nathanael Herreshoff alikuwa akisimamia majaribio ya mwendo ya yoti ya mvuke iitwayo Say When. Vali ya usalama ilifunguka kutoa mvuke uliozidi. Yeye akaifunga, ili chombo kifikie mwendo uliotarajiwa. Boila lilishindwa kuhimili, na mfanyakazi mmoja wa chombo hicho akapoteza maisha. Nathanael alinyang'anywa leseni yake ya uhandisi wa mvuke. Miaka iliyofuata jina lake lilivuma dunia nzima kwa yoti za matanga, nasi tunamsoma kama gwiji. Lakini mimi kila nikisoma sifa zake namfikiria yule mtu wa kwenye mtambo, ambaye hakuwa na haraka yoyote siku ile. Haraka ilikuwa ya wengine.

Sheria ya Marekani ilikwisha kuona hatari hiyo. Chombo cha mvuke kilitakiwa kiwe na mhandisi mwenye leseni, hata kama ni kidogo. Kwa mwenye boti hiyo ilikuwa gharama: mshahara wa mtu mzima kwa ajili ya boti ya kwenda gatini na kurudi. Na kama ilivyo kawaida ya binadamu, sheria ilipofunga mlango, watu wakatafuta dirisha.

Dirisha liliitwa nafta. Katika miaka ya 1880 mvumbuzi Frank Ofeldt alibuni mtambo uliofanana sana na wa mvuke, ila ndani ya mabomba hakuchemsha maji. Alichemsha nafta, mafuta mepesi jamaa ya petroli. Mvuke wa nafta ulisukuma pistoni, kisha ukapozwa na kurudi kuwa mafuta. Moto wa kuichemsha ulitokana na nafta hiyo hiyo. Ndiyo, umesoma vizuri: walichemsha petroli kwa moto wa petroli, ndani ya boti ya mbao, abiria wamekaa mbele wakipunga upepo. Lakini kisheria huo haukuwa mvuke wa maji, kwa hiyo mhandisi mwenye leseni hakuhitajika. Mwenye boti angeweza kuiendesha mwenyewe, na kwa dakika chache tu ilikuwa tayari kuondoka. Kampuni ya Gas Engine & Power ya New York iliuza lanchi hizo kwa wingi.

Muundo wa boti ulibadilika mara moja. Mtambo wa nafta ulikuwa mdogo, ukawekwa nyuma kabisa karibu na tezi. Tangi la mafuta likapelekwa omoni, mbali na moto. Katikati pote pakabaki wazi kwa viti, mito na kitambaa cha kuzuia jua. Ukitazama picha za lanchi za wakati huo utaona umbo lile lile: refu, jembamba, tezi imechongoka kwa madaha juu ya maji. Lakini mtu wa kwenye mtambo hayumo tena. Pamoja na masizi, ajira yake nayo ilifutwa.

Wembamba ule haukuwa madaha matupu. Boti inayolima maji, badala ya kuteleza juu yake, hutengeneza wimbi, na urefu wa boti ndio unaoamua wimbi hilo linaweza kukimbia kiasi gani. Wajenzi wana kanuni: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa boti majini kwa futi, zidisha kwa 1.34, utapata mwendo wake wa juu kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Boti ya futi 25 inapata noti 6.7, karibu kilomita 12 kwa saa. Ukitaka mara mbili ya hapo, si kuongeza makaa. Urefu wenyewe lazima uwe mara nne. Ndiyo maana wajenzi wa mwanzo walirefusha na kukonda. Mtambo ulikuwa mzito na dhaifu, kwa hiyo mbao zilibidi zifanye kazi kubwa.

Na mbao zilifanya. Kwa Herreshoff, vipimo vilichukuliwa kutoka ule mfano wa mkononi, kisha kila taruma likatengenezewa kalibu yake. Boti ilijengwa juu chini, mkuku ukitazama mbinguni. Mataruma ya mwaloni yaliwekwa ndani ya sanduku refu lililojaa mvuke. Desturi ya mafundi ni saa moja kwa kila inchi ya unene. Likitoka, taruma limelainika kama ukambaa, na fundi ana sekunde chache tu za kulikunja kwenye kalibu kabla halijapoa. Akichelewa, linavunjika. Kisha mbao za mwerezi au mahogani, mara nyingine tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, viungo vya nje visikutane na vya ndani. Boti inakuwa nyepesi na haivuji. Kwa hiyo mvuke ule uliofukuzwa kwenye mtambo ulibaki kiwandani, ukipinda mbao.

Mzee wa Nungwi hafuati njia hiyo. Hatumii kalibu wala sanduku la mvuke. Anatafuta msituni tawi lililokwisha kujipinda lenyewe, kwa sababu mti uliokua na kona una nguvu kwenye kona hiyo. Mbao za ubavu anaziinua kwanza, mataruma mengine yanafuata. Kisha pamba na mafuta kwa kalafati. Lakini nadhani angemwelewa yule kipofu wa Bristol mara moja. Nilimwona mwenyewe akifumba macho na kupitisha kiganja ubavuni mwa mashua.

Petroli iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1886, huko Cannstatt, Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitia injini yao ndogo kwenye boti ya mita 4.5 na kuijaribu katika mto Neckar. Watu waliogopa. Petroli ndani ya boti? Husimuliwa kwamba Daimler alizungushia boti nyaya na vikombe vya kauri, ili wanaotazama wadhani inaendeshwa kwa umeme. Kama simulizi hiyo ni sahihi, basi boti ya kwanza ya petroli ilijificha kama mwizi.

Miaka miwili baadaye William Steinway, ndiyo, yule wa piano, alichukua haki za injini za Daimler kwa Marekani. Injini ikawa jirani ya karakana ambako mbao zilikunjwa ili zitoe muziki. Umeme nao haukukubali kutumika kama kisingizio tu. Kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893, lanchi 55 za umeme za kampuni ya Elco, kila moja futi 36, zilibeba zaidi ya abiria milioni moja, bila moshi wala kelele. Tatizo lilikuwa betri: nzito, na zikiisha lazima urudi kuzichaji. Petroli ilikuwa na kelele na harufu, lakini debe moja lilikupeleka mbali. Kufikia miaka ya 1900 mashindano yalikuwa yamekwisha.

Injini ya petroli ilipozidi kuwa nyepesi na yenye nguvu, ile kanuni ya 1.34 ikapigwa teke. Boti ikisukumwa vya kutosha inapanda juu ya wimbi lake na kuteleza. Tezi iliyochongoka haikufaa tena, kwa maana ilizama nyuma. Wajenzi wakaifanya pana na bapa. Lanchi ya madaha ikageuka boti ya kasi.

Na kitu cha kasi hakikawii kuitwa vitani. Mwaka 1915 Uingereza iliagiza Elco boti za mbao za doria, kwanza 50, kisha 500 zaidi. Zote 550 zilikamilika kwa siku 488. Mbinu zilizokuzwa kwa ajili ya gatini na gauni jeupe sasa zilisaka nyambizi.

Mwaka huo huo boti nyingine mbili za mbao zilitoka kwa Thornycroft, wajenzi wa boti mtoni Thames tangu miaka ya 1860. Kila moja ilikuwa na futi 40, mahogani, injini mbili za petroli. Kwa ile kanuni ya zamani zingestahili noti 8 na ushei. Hizi zilikimbia karibu 19. Zilipakiwa melini hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, kisha toka Fungurume zikakokotwa na matrekta ya mvuke na maksai kuvuka milima ya Mitumba. Watu wa Kongo walikata miti, wakajenga madaraja, wakachota maji ya kulisha mitambo. Zikaingia mto Lualaba kule Bukama, zikapanda treni tena Kabalo, na mwishoni mwa Oktoba zikafika mahali tunapopaita leo Kalemie.

Kamanda wao, Spicer-Simson, alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Akazipa majina ya kitoto ya Kifaransa yenye maana ile ile: Mimi na Toutou. Hakujua, nadhani, kwamba anapeleka boti iitwayo "Mimi" kwenye ziwa ambalo watu wa pande zote mbili wanasema Kiswahili. Natamani ningesikia wapagazi wakiulizana usiku: "Nani anapita?" "Mimi."

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka Kingani ya Wajerumani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Kisa hicho ndicho kilichompa C. S. Forester mbegu ya riwaya yake ya The African Queen, iliyotoka 1935, na filamu ya 1951 ambayo sehemu yake ilipigwa Kongo na Uganda. Wasomaji wengi wanamjua Humphrey Bogart na boti yake ya mvuke. Ni wachache wanaojua kwamba boti halisi za kisa kile zilikuwa za petroli, na mbao zake zilipinda kwa ufundi uliokuzwa ili matajiri wasipake masizi.

Wahenga wa pwani walisema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nimezunguka tezi na omo katika hadithi hii, na huko ngamani nawakuta wale wale: mtu wa boila kwenye Say When, mhandisi aliyekosa kazi nafta ilipokuja, na watu wa Mitumba waliobeba maji. Majina ya boti tunayo yote, hata ya utani. Yao hatunayo.

Siku ile Nungwi, kabla ya kuaga, nilimwuliza mzee mashua yake itatumia tanga au mashine. "Mwenyewe anataka mashine," alisema, akiichukua tena patasi yake. "Mimi namjengea chombo. Mashine atajua mwenyewe."