“Ni Uzee Tu” Si Jina la Ugonjwa

Kila familia hapa Kenya ina hili jibu. Shosho akisema sura za watu zina doa katikati, ama mistari kwa Biblia yake imeanza kupinda, anaambiwa “ni uzee tu.” Stori inaishia hapo. Sasa, kuna wakati hilo jibu lilikuwa na maana. Kwa karne nyingi hakuna mtu angeweza kuona ndani ya jicho la mtu aliye hai. Ulikuwa unaona mboni nyeusi, basi.

Mwaka wa 1850, mjini Königsberg, Hermann von Helmholtz alikuwa na miaka 29 na anatayarisha somo la wanafunzi wake. Akaelewa mboni ni nyeusi kwa sababu mwanga unaoingia hurudi kule kule ulikotoka, na ukitaka kuchungulia, kichwa chako ndicho kinaziba njia. Akabandika kadibodi, vioo vyembamba na lenzi, akaelekeza mwanga wa taa, na retina ikaonekana. Lakini cheki hii: Charles Babbage, yule yule wa kompyuta, alikuwa ametengeneza kitu kama hicho miaka kama mitatu mapema. Akamwonyesha daktari mmoja, daktari hakuona maana yake. Ikaishia hapo.

Picha nazo zilichelewa. Mwaka wa 1886 ndio picha ya kwanza ya retina ya mtu hai ilichapishwa, na huyo mtu ilibidi atulie dakika mbili na nusu. Jaribu kukazia macho sehemu moja hivyo, utanielewa.

Sasa twende Indiana, Marekani, mwisho wa miaka ya 1950. Harold Novotny na David Alvis ni wanafunzi wa udaktari. Hawana jina. Wazo lao: dunga rangi inayoitwa fluoresini kwa mkono, ngoja sekunde chache ifike kwa jicho, kisha piga picha kwa mwanga wa bluu. Rangi itang’aa kijani, na kama kuna mshipa unavuja, utauona ukivuja. Nani adungwe kwanza? Wakarusha sarafu. Alvis akapoteza, akadungwa yeye.

Ilifanya kazi. Wakaandika, wakapeleka kwa jarida kubwa la madaktari wa macho huko Marekani, wakakataliwa eti hakuna jipya. Mwaka wa 1961 ikachapishwa kwa jarida la Circulation, ambalo ni la moyo na damu! Mimi niliacha kampasi, kwa hivyo stori ya wanafunzi wawili waliofungiwa mlango wakapitia wa jirani siwezi kuisoma bila kutabasamu. Lakini si hiyo tu. Kabla yao, daktari angeona madoa na damu, ila si rahisi aone wapi hasa panavuja.

Na kuvuja ndio mambo yote. Katikati ya retina kuna sehemu ndogo inaitwa makula (hapana, si chakula), ndiyo unatumia kusoma na kutambua sura. Watu wakizeeka, uchafu wa njano unaweza kujikusanya chini yake na seli zikafa polepole. Hiyo ni aina kavu. Aina ya maji ni mishipa mipya dhaifu inayovuja, na inaweza kuharibu macho kwa wiki chache. Lakini tangu katikati ya miaka ya 2000 kuna sindano za ndani ya jicho zinazoizuia, ukiwahi. Tena kuanzia 1991 kuna OCT, mashine inayotumia mwanga kama vile altrasaundi inatumia sauti, inaonyesha retina tabaka kwa tabaka bila kudunga mtu. David Huang, jina la kwanza kwa ile makala, naye alikuwa bado mwanafunzi.

Usiniambie huu ni ugonjwa wa wazungu. Hiyo iliaminika sana, mpaka 2007 na 2008 timu ya Dkt. Wanjiku Mathenge ikapima zaidi ya wazee 4,000 Nakuru, wote miaka 50 kuenda juu, na kuwapiga picha za retina. Zaidi ya asilimia 10 walikuwa na dalili za mapema. Wenzao waliporudi miaka kadhaa baadaye walibeba mashine nzito kijiji hadi kijiji, na wakajaribu pia simu ya kawaida iliyofungwa kifaa cha kupiga picha nyuma ya jicho. Mahali barabara iliisha, mtandao ulishika.

Kwa hivyo kifaa kipo. Kinachonikera ni kwamba shosho hafiki mbele yake, kwa sababu sisi tushampa jibu.

Ukienda ushago Desemba, beba daftari ya skwea. Weka doti katikati ya ukurasa. Shosho avae miwani yake ya kusoma, azibe jicho moja, aangalie doti, kisha abadilishe. Daktari wa Uswisi, Marc Amsler, aliwapa watu mtihani wa aina hii miaka ya 1940. Akiona mistari sawa, bado si cheti cha daktari. Akiona imepinda ama kuna pengo, mpeleke kliniki ya macho wiki hiyo hiyo.