Miadi, si Tukio

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, upande wa Likoni mjini Mombasa, na watu 272 wakapoteza maisha. Hilo lilikuwa tukio. Kikao cha wazazi wa madrasa huko Kisauni, kilichopangwa Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, si tukio. Hata hivyo, mtu akifungua kalenda ya simu iliyowekwa Kiswahili ili aandike kikao hicho, huambiwa aongeze tukio, kana kwamba yaliyowapata abiria wa Mtongwe na yanayowangoja wazazi wa Kisauni ni ya namna moja.

Kosa hilo lingevumilika kama lingebaki kwenye simu. Linaota mizizi mahali pabaya zaidi: kalenda za pamoja zinazojengwa juu ya wiki, yaani kurasa ambazo wasomaji wenyewe wana ruhusa ya kuzihariri. Kalenda hizi bado zinapangiwa vipengele vijavyo, na jina litakalokubaliwa sasa ndilo litakalonakiliwa katika vitufe, ilani na maelezo kwa miaka.

Neno wiki nalo lina matata yake. Ward Cunningham, aliyeanzisha tovuti ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1995, alilichukua kwa Wahawaii, ambao kwao wiki wiki ni haraka haraka. Alikuwa ameliona kwenye mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu. Kwa Mswahili, kalenda ya wiki ni kalenda ya siku saba, basi. Dawa ipo, tena ya zamani: siku saba ziitwe juma, kama pwani ilivyoziita kabla Kiingereza hakijatuletea wiki.

Turudi kwenye tukio. Limetokana na kutukia, na linalotukia halingoji kupangwa. Mwambie mama wa Likoni kuwa mtaani kuna tukio, atauliza nani kaumia. Askari huandika matukio katika kitabu cha kituo. Hakuna aendaye kituoni kuandikisha arusi. Wikipedia ya Kiswahili imelitumia neno hili ipasavyo: kurasa zake za tarehe zina sehemu ya Matukio, kisha Waliozaliwa, kisha Waliofariki, na yaliyomo yamekwisha kupita. Sasa programu ya MediaWiki inayobeba kurasa hizo ikiongezewa kalenda ya mambo yajayo, neno moja litabeba kilichokwisha na kisichoanza. Msomaji hatajua kama anasoma historia au anaalikwa.

Chanzo cha kosa kinaonekana. Neno event la Kiingereza lina asili ya Kilatini, evenire, kutoka au kujitokeza, na hapo mwanzo lilimaanisha matokeo ya jambo. Waliotunga orodha za istilahi wakaishika maana hiyo ya kale, wakapata tukio, wakafunga daftari. Hawakutazama kwamba Kiingereza chenyewe kimeshahama, na leo neno hilo hutajwa kwa arusi, kongamano na mechi. Orodha iliyotungwa mbali na kuta zinazobandikwa matangazo ya maulidi haiwezi kuachiwa iamue watu wa Changamwe waandike nini.

Wapo wanaopendekeza shughuli, na hoja yao ina uzito, kwani mtu wa pwani akisema kesho kuna shughuli anaeleweka: kuna arusi, au kuna hitima. Lakini shughuli imeshatwaliwa na programu kwa kazi nyingine, kumbukumbu ya alichofanya mtumiaji. Hafla nayo ni ya mavazi na maturubai. Kliniki ya chanjo ya watoto si hafla, wala siku ya mgao wa maji.

Neno ni miadi. Limetoka Kiarabu, katika mzizi wa waw, ayn na dal wenye maana ya kuahidi, mzizi uliotupa pia waadi. Wengi hudhani ahadi ni ndugu yake wa damu. Sivyo: ahadi ni ya ayn, ha na dal, mzizi wa agano, na herufi mbili za kushirikiana zimewapoteza hata wanaojiita wataalamu. Umbo la miadi ni lile la milad, wakati wa kuzaliwa, tulipopatia miladia. Kwa hiyo miadi ni wakati wa ahadi, na saa imo ndani ya neno lenyewe. Kiswahili nacho hakikulilaza. Watu huwekeana miadi, hutimiza miadi, huvunja miadi. Neno limekuja na vitenzi vyake, mali ambayo hakuna kamati inayoweza kuiunda mezani.

Wapinzani husema miadi ni ya watu wawili, daktari na mgonjwa, na haifai mkutano wa watu mia. Pingamizi hilo lingesimama kwa kalenda ya mfukoni. Kwa kalenda ya pamoja linaanguka. Anayeandika katika ukurasa wa wote kuwa usafi wa ufuo wa Likoni ni Jumapili amewaahidi wote wausomao. Mwenzake akibadilisha saa, historia ya ukurasa huhifadhi ni nani kabadilisha na lini. Ni ahadi yenye mashahidi.

Vipengele vinavyopangwa navyo vinalidai neno hili. Kiwango cha iCalendar kinachofuatwa na programu za kalenda, RFC 5545 ya mwaka 2009, kinaruhusu jambo la kalenda kuwa halijathibitishwa, limethibitishwa au limefutwa. Tukio lisilothibitishwa ni uvumi. Miadi isiyothibitishwa kila mtu wa Mombasa anaijua: ndiyo Idi, jioni ya Ramadhani 29, watu wanapongoja tamko la Kadhi Mkuu.

Kisha kuna kujirudia. Kalenda inayorudia kwa hesabu ya miladia pekee itayaweka Maulidi ya mwakani tarehe ileile ya mwaka huu, ilhali mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takribani siku 11. RFC 7529 ya mwaka 2015 imefungua njia ya kurudia kwa kalenda nyingine, na hicho ndicho kipengele cha kwanza ambacho Likoni na Kisauni zinapaswa kukidai, kikiwa na majina yetu ya miezi: Mfunguo Mosi mara baada ya Ramadhani, Mfunguo Sita wa Maulidi, hadi Mfunguo Tisa.

Mwandika programu pia anafaidika. Programu isiyofunzwa wingi huandika "matukio 1". Miadi haibadiliki, iwe 1 au 50. Tafsiri za MediaWiki hufanywa na wanaojitolea katika translatewiki.net, na vitufe vinavyohitajika ni vichache: weka miadi, thibitisha miadi, ahirisha miadi, vunja miadi, miadi ya kila juma.