Aliyebaki Si Lazima Ameridhika: Historia ya Kupima Moyo wa Mhadhiri Chini ya Uluguru

Taasisi nyingi hupima moyo wa watumishi wake kwa njia iliyo rahisi kuliko zote: huhesabu waliopo na walioondoka. Ikama ikionyesha wahadhiri kumi na wawili mwaka huu, na mwaka ujao wakawa bado ni kumi na wawili, taarifa huandikwa kwamba hali ya idara ni shwari. Hesabu hiyo imepotosha watawala wengi, na historia ya Morogoro inatosha kuonyesha namna inavyopotosha. Mkoa huu una vyuo vikuu viwili vya umma, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilicho chini kabisa ya mteremko wa Uluguru na Chuo Kikuu Mzumbe kilicho kando ya barabara ya Iringa, pamoja na vyuo vya taasisi za dini kama Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro. Mhadhiri wa hapa anaweza kubadili mwajiri bila kuhama nyumba. Anaweza pia kukaa kwa mwajiri yuleyule miaka 30 huku moyo wake ukiwa shambani, kwenye mradi wa utafiti au Gaborone. Kwa hiyo swali la kama ameridhika ni maswali matatu: anaionaje kazi anayoifanya leo, anaionaje safari yake yote ya kitaaluma, na kwa nini bado yuko katika chuo hiki na si kingine.

Wataalamu walichukua zaidi ya nusu karne kuyatenganisha maswali hayo. Mwaka 1932 Mmarekani Rensis Likert alionyesha kwamba msimamo wa mtu unaweza kupimwa kwa kumpa kauli kadhaa, akachagua kiwango cha kukubali au kukataa kila moja, kisha majibu yakajumlishwa. Miaka mitatu baadaye Robert Hoppock alichapisha kitabu kuhusu kuridhika na kazi. Miongoni mwa aliowachunguza walikuwamo walimu 500, hivyo mwalimu yumo ndani ya fani hii tangu siku zake za mwanzo. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Minnesota kilitoa hojaji yake maarufu, ambayo inamuuliza mtu kuhusu msimamizi, mshahara, usalama wa ajira na nafasi ya kutumia uwezo wake. Mwaka 1979 Mowday, Steers na Porter walieleza kipimo chao cha kauli 15 kuhusu mtu anavyofungamana na taasisi yake. Mwaka 1990 Greenhaus na wenzake walitumia kauli tano tu kupima kuridhika na safari ya kitaaluma: mafanikio, kipato, kupanda cheo, ujuzi na malengo ya jumla. Mwaka uliofuata John Meyer na Natalie Allen wakakigawa kifungo cha mtu na taasisi katika mafungu matatu: anayebaki kwa kuipenda, anayebaki kwa sababu kuondoka kutamgharimu, na anayebaki kwa kuona kwamba ana deni la shukrani.

Mgawanyo huo wa mwisho unaeleweka Morogoro bila mfasiri. Chukua mhadhiri wa kilimo aliyesomeshwa shahada ya uzamivu kwa fedha za mradi na kusaini mkataba wa kurudi kukitumikia chuo. Kazi ya kila siku inamchosha, kwa kuwa darasa limejaa kuliko viti na karatasi za mitihani hazimaliziki. Lakini safari yake ya kitaaluma inampendeza, maana machapisho yake yanasomwa na ameshafika uprofesa mshiriki. Haondoki kwa sababu ana kiwanja Kihonda, ana ng'ombe wa maziwa, mwenzi wake ameajiriwa mjini na mafao yake ya uzeeni yamekaribia. Kwenye ikama ni mtumishi mmoja aliyepo. Kwenye hojaji iliyotengenezwa vizuri anapata alama tatu zinazovutana, na kila moja inadai hatua tofauti kutoka kwa uongozi.

Milima hii ilishuhudia kosa la kuchanganya mambo hayo kabla hata haijawa na chuo kikuu. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya kuwafunza machifu na makarani kazi za serikali za mitaa. Miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni iliendesha mradi wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, ambao uliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Maofisa walihesabu matuta, na hesabu ikiongezeka waliona kwamba wananchi wameupokea mradi. Kumbe mkulima alikuwa akichimba kwa kuogopa adhabu, huku akiona udongo wenye rutuba unafukiwa na ule mbovu wa chini unaletwa juu. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka upande wa Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa na mradi ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke walipochapisha kitabu chao kuhusu ardhi na siasa za Waluguru mwaka 1960, maelezo yalikuwa yanatolewa baada ya gharama kulipwa. Kilichopimwa kilikuwa utii, kikadhaniwa kuwa ridhaa, na aliyekuwa na jembe mkononi hakuulizwa.

Baada ya uhuru swali la moyo wa msomi liliulizwa, ila kwa sauti ya siasa. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 ili kuonyesha kwamba tabaka la wasomi linalipwa kupita uwezo wa nchi. Azimio la Arusha likafuata mwaka 1967, na viongozi wakakatazwa kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Kwa lugha ya Meyer na Allen, taifa lilijenga fungu la tatu peke yake, lile la deni: umesomeshwa kwa jasho la mkulima, basi mtumikie. Katika hali hiyo chuo cha kilimo kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1965 kikawa kitivo cha kilimo mwaka 1969, kikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka 1984 kikasimama chenyewe kikiwa na jina la Edward Sokoine, waziri mkuu aliyefariki Aprili mwaka huo kwa ajali ya gari mkoani humuhumu. Mzumbe nayo iligeuzwa mwaka 1972 kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, kabla ya kufanywa chuo kikuu mwaka 2001. Si haki kuudharau moyo wa deni, kwani vyuo hivi vilijengwa na watu waliouamini. Lakini deni lina mwisho, hasa mdai anapoacha kutimiza upande wake.

Upande huo uliyumba baada ya Vita vya Kagera. Bei zilipanda, bidhaa zikaadimika, na mshahara wa mtumishi wa umma ukawa haufiki katikati ya mwezi. Wasomi waligawanyika katika makundi mawili. Wengine walikwenda Botswana, Lesotho, Swaziland na baadaye Namibia na Afrika Kusini. Waliobaki waliingia kwenye miradi: kuku, nguruwe, ng'ombe wa maziwa, bustani, ushauri wa kitaalamu. Maliyamkono na Bagachwa waliueleza uchumi huo wa pili katika kitabu cha mwaka 1990, na mwaka 1991 CCM, kwa Azimio la Zanzibar, ikalegeza masharti ya uongozi na kukiri kilichokuwa kikifanyika mitaani. Albert Hirschman alishaonya mwaka 1970, kwa mfano wa reli ya Nigeria, kwamba mahali ambapo wenye uwezo wa kuondoka huondoka kimyakimya, taasisi hupoteza sauti zilizokuwa na nguvu ya kuirekebisha. Chuo kilichosoma ikama peke yake kingeona kundi la kwanza limekisaliti na kundi la pili limekipenda. Huenda ukweli ulikuwa kinyume kwa wengi: aliyeondoka aliupenda utafiti kiasi cha kuufuata ng'ambo, na aliyebaki alibaki na mifugo.

Awamu ya karibuni inaonyesha jambo jingine, kwamba kuridhika na safari ya kitaaluma kunaweza kuvunjwa na uamuzi uliofanyika mbali na chuo. Tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005 wanafunzi waliongezeka nchi nzima, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kikahitaji walimu kwa mamia. Mhadhiri akawa na soko la ndani ya nchi. Kisha mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji vyeo ili kuhakiki watumishi, na watumishi wa umma wakakaa miaka kadhaa bila nyongeza ya maana ya mshahara. Mhadhiri aliyekuwa ametimiza machapisho ya kumfikisha uhadhiri mwandamizi alisubiri. Kazi yake haikubadilika, wanafunzi walikuwa walewale na maabara ileile, ila ngazi aliyokuwa akipanda iliondolewa. Hojaji inayouliza kuhusu kazi peke yake isingeuona mkwamo huo, ilhali kauli tano za Greenhaus zingeukuta mara moja.

Wapo wanaosema kwamba yote haya ni kuzunguka mbuyu: waongezewe mshahara, wataridhika. Hoja hiyo ina uzito, na historia ya miaka ya themanini inaiunga mkono. Frederick Herzberg, aliyewahoji wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh katika utafiti uliochapishwa mwaka 1959, alishikilia kwamba mshahara mbaya huudhi lakini mshahara mzuri peke yake hauleti furaha ya kazi. Wahandisi wale hawakuwa watu wanaoamka saa kumi alfajiri kukamua ng'ombe ili kufidia mshahara, na nadharia yake isitumike kuwanyamazisha wanaodai chao. Hata hivyo makamu mkuu wa chuo cha umma hapangi mishahara. Mishahara hupangwa serikalini na kulipwa na Hazina. Aliyonayo mkononi ni ugawaji wa vipindi, kasi ya kamati inayopitia maombi ya kupanda cheo, ofisi, vifaa vya maabara, uwazi wa fedha za miradi. Kipimo kinachotenganisha maswali matatu kinamwonyesha lililo lake na lililo la wizara, na kinamnyima kisingizio cha kuyatupa yote Dodoma.

Pingamizi la pili ni kwamba hojaji hizi zilitungwa Minnesota na Pennsylvania, hivyo haziwezi kumjua mtu wa Morogoro. Jibu limo katika kuzikagua kwa karibu. Katika kauli 15 za Mowday na wenzake, sita zimeandikwa kinyume, yaani anayekubali anaonyesha kwamba hajafungamana na taasisi. Mhadhiri anayejaza fomu katikati ya kusahihisha mitihani akiweka alama ileile ya kukubali kuanzia juu hadi chini, na mwanafunzi wa shahada ya uzamili akisahau kuzigeuza sita hizo kabla ya kujumlisha, wastani unaopatikana hauna maana yoyote. Tasnifu za usimamizi wa rasilimali watu hutoka Mzumbe kila mwaka, na hojaji ni chombo chao cha kawaida, kwa hiyo kosa hilo si dogo. Kisha upo ukurasa wa kwanza wa fomu, unaoomba jinsia, umri, cheo na idara. Katika idara ya watu tisa, profesa mshiriki wa kike mwenye miaka zaidi ya 50 ameshajitambulisha kabla ya kujibu swali la kwanza kuhusu mkuu wake. Jina halimo, na siri haipo. Atajibu kwa adabu, na adabu yake itahesabiwa kuwa kuridhika.

Kasoro hizo zinarekebishika hapahapa. Chuo kinachofundisha utawala na chuo kinachofundisha takwimu za utafiti viko kwenye mkoa mmoja, na vinaweza kutunga kauli kwa Kiswahili, kuzijaribu kwa kundi dogo, kuunganisha idara ndogo ili mtu asitambulike, na kuongeza yale ambayo Minnesota haikuyafikiria: mkataba wa kutumikia baada ya masomo, malimbikizo, mradi wa nyumbani unaobeba familia. Hojaji irudiwe kila baada ya miaka michache, maana alama moja ya mwaka mmoja haimwambii mtu kama mambo yanapanda au yanashuka. Matokeo yasomwe kwanza mbele ya wale waliojibu, kwenye jumuiya zao za wanataaluma, kabla ya kupelekwa Baraza la Chuo. Uongozi uandike karibu na kila tatizo hatua itakayochukuliwa, nani ataichukua na lini, na tatizo lililo nje ya mamlaka yake lipelekwe serikalini likiwa na takwimu. Bila sharti hilo watumishi watajifunza haraka kwamba kujibu ni kupoteza muda, na duru ya pili ya hojaji itapata majibu ya kukwepa. Kipimo cha moyo wa mhadhiri kina thamani pale tu mwenye kupima anapokubali kuwajibika kwa alichokipata.