Hofu Isiyoonekana: Filamu za Kutisha za RKO, 1942–1946

Mwaka 1942 studio ya RKO ya Hollywood ilikuwa taabani kifedha. Filamu mbili za Orson Welles, Citizen Kane na The Magnificent Ambersons, zilikuwa zimeitia hasara, na wakuu wake wakaona afadhali watafute faida kwenye filamu za kutisha za bei rahisi. Kazi hiyo alikabidhiwa Val Lewton, mzaliwa wa Yalta aliyekuwa msaidizi wa mtayarishaji David O. Selznick. Masharti yalikuwa mafupi: filamu isizidi dola 150,000 wala dakika 75, na jina lake watalichagua wakubwa. Hadithi, atajijua mwenyewe.

Jina la kwanza alilopewa lilikuwa Cat People. Universal ilikuwa imetoka kuonyesha The Wolf Man, ambamo mtu hugeuka mbwamwitu na manyoya yake yote yakaonekana. Lewton na mwongozaji wake, Jacques Tourneur, hawakuwa na fedha za kushindana na manyoya, wala hawakuyataka. Katika filamu yao, Irena, mchoraji wa mitindo kutoka Serbia anayeishi New York, anaamini kwamba mapenzi yakimpanda atageuka chui. Sehemu kubwa ya filamu haina zaidi ya ndoa changa inayopoa siku hadi siku.

Kisha inakuja barabara ya usiku kandokando ya bustani ya mjini. Alice, mwanamke anayemhurumia mume wa Irena kupita kiasi, anatembea peke yake huku Irena akimfuata. Hakuna muziki. Kinachosikika ni viatu vya mchuchumio vya wanawake wawili, mmoja nyuma ya mwingine, kutoka taa hadi taa. Ghafla viatu vya nyuma vinanyamaza. Alice anaharakisha, anageuka, haoni mtu; mara mlio mkali kama wa mnyama unapasua ukimya, na basi la abiria linafunga breki mbele yake. Hakuna aliyeguswa. Hila hiyo imeigwa tangu siku hizo hadi leo, mara nyingi na watu wanaochukua mlio na kuuacha ukimya uliotangulia, ingawa ukimya ndio uliofanya kazi.

Udhaifu nao haukujificha. Oliver, mume wa Irena, ni mtu asiye na chumvi, na katika filamu inayokwenda taratibu mhusika wa namna hiyo huchosha haraka, kwa kuwa hakuna tukio la kumfunika. Daktari wa akili anayemtibu Irena naye anaeleza mno mambo ambayo vivuli vya mpiga picha Nicholas Musuraca vimekwisha kuyasema. Zaidi ya hayo, studio ilishikilia kwamba chui mweusi aonekane. Tourneur akamweka gizani kadiri alivyoweza, lakini tangu mnyama atokee ofisini kwa Oliver swali lililowaweka watazamaji roho juu, kama Irena ni mgonjwa au ni chui kweli, linapoteza nusu ya nguvu zake.

The Leopard Man ya 1943, kazi ya wawili haohao, inaonyesha tatizo hilohilo kwa ukali zaidi. Msichana aliyetumwa unga wa mahindi usiku anagonga mlango akilia afunguliwe. Mama anadhani ni visingizio vya mtoto mwoga, anakawia, hadi damu inapenya chini ya mlango. Mtazamaji hajaona jino wala ukucha. Baada ya hapo filamu inageuka msako wa mwuaji, na msako hauwezi kufikia kimo cha mlango ule.

Kikosi cha Lewton kilitoa filamu tisa za kutisha, ya mwisho Bedlam ya 1946. Lewton alifariki mwaka 1951. Tourneur alirudi kwenye mtindo wa hofu isiyoonekana Uingereza mwaka 1957 na Night of the Demon, ambamo jini linaonyeshwa waziwazi mapema kwa shinikizo la mtayarishaji, kisha filamu inahangaika kurudisha mashaka. Robert Wise, aliyeongoza The Body Snatcher chini ya Lewton, alikataa kabisa njia hiyo ya kuonyesha katika The Haunting ya 1963. Mzimu hauonekani hata mara moja; mlango wa mbao tu ndio unaotuna kuelekea ndani. Tatizo lake liko kwingine: sauti ya mawazo ya mhusika mkuu, Eleanor, inasimulia hofu ambayo mlango ule ungetosha kuieleza peke yake.