Redio mpya, gari la wakati wa Stanleyville

Mwaka 1966 Stanleyville iliitwa Kisangani. Miaka ileile viwanda vya Uingereza vilikuwa vinageuza kitu ndani ya magari: upande wa betri unaofungwa kwenye bodi. Land Rover za kwanza zilifunga chanya (+). Baadaye ikawa hasi (–).

Sababu moja ni transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, na dayodi. Hivi vitu umeme ukipita kinyume vinaungua.

Sasa mtu iko na Land Rover ya zamani, anataka redio ya USB, asikilize Radio Okapi, iliyoanza 2002. Kugeuza nyaya mbili nyuma ya redio haitoshi. Sanduku lake la chuma ni hasi. Likigusa bodi iliyo chanya, fyuzi inakatika, ama nyaya zinawaka moto. Njo maana fundi anageuza gari lenyewe kwanza: betri, nyaya za koili, na dinamo inashtuliwa upya kwa umeme wa betri.

Lakini mwaka wa gari hautoshi kukuambia, maana wengine waliligeuza zamani. Pima kwa mita kwanza, halafu shika bisibisi.